Mzee Methusela Ndahani, Mshangiliaji wa San Marino

Baba Mchungaji, wazee wetu shikamooni, majirani wa Ipagala, ndugu zetu mliotoka Hombolo, na ninyi vijana wa kibandaumiza cha Chang'ombe, lile banda la kutazamia mpira, mliokaa kule nyuma, familia imempa mjukuu wake Frida kazi ya kuwasomea maisha ya Mzee Methusela Ndahani, naye anaomba mvumilie, kwa sababu karatasi aliyokabidhiwa na kamati ya mazishi jana si hii anayoisoma.

Marehemu alizaliwa Hombolo tarehe 12 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ndahani na Mama Ruthu, wakulima na wafugaji, akabatizwa hukohuko, na akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1966, ambako alikuwa golikipa, si kwa kipaji bali kwa urefu. Mwaka wake wa mwisho walikwenda kucheza na shule ya jirani, wakafungwa mabao tisa, na wenzake wakashika njia ya nyumbani bila kumngoja, yeye akarudi peke yake na mpira kwapani, vumbi mpaka kwenye nyusi, na hata alipozeeka hakuyasimulia yale mabao tisa, alisimulia ile njia tu, kwamba ilikuwa ndefu na hapakuwa na mtu wa kumwambia pole.

Mwaka 1972 alianza kazi katika mashamba ya mizabibu Hombolo, kwanza kama kibarua, baadaye mnyapara, kazi aliyoifanya kwa uaminifu hadi alipostaafu mwaka 2011, na tarehe 18 Oktoba 1975 alifunga ndoa takatifu na Bibi Dorkasi, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wawili, Joel, baba yake Frida, na shangazi Hilda, mnaowaona hapa mbele.

Sasa tunafika mahali ambapo kamati ilipaandika kwa mstari mmoja, kwamba "marehemu alikuwa mwanachama hai wa tawi letu la chama", na hapo ndipo Frida alipokataa, kwa sababu mtu hawezi kuongezewa uanachama akiwa ndani ya jeneza.

Mwaka 1986 alikuja Hombolo mtaalamu wa kupogoa mizabibu, mzungu mpole kutoka San Marino, nchi ndogo iliyozungukwa na Italia pande zote, na kwa miaka mitatu marehemu alimfundisha kula mlenda naye akamfundisha kukata matawi, na siku ya kuagana mwaka 1989 yule mgeni alimwambia kwamba kwao wanaunda timu ya taifa, watacheza na mataifa makubwa, na watafungwa sana. Marehemu akamjibu, "Basi mimi nitakuwa wenu, ndugu yangu, maana timu inayoshinda ina watu wa kutosha, hii ya kufungwa ndiyo inayohitaji mtu." Wengine hapa huahidi hivyo kwenye kila mkutano na wasionekane tena, lakini yeye alikuwa amempa mgeni neno.

Tarehe 14 Novemba 1990 San Marino walicheza mechi yao ya kwanza ya mashindano, wakafungwa na Uswisi manne kwa bila, na marehemu alikesha akihangaika na redio bila kupata matokeo, akayasoma baadaye katika gazeti lililokuja limefungia mkate. Mwaka 1993 walitoka sare na Uturuki, na mwaka huohuo waliwatangulia Waingereza kwa bao la sekunde ya nane, kisha wakapigwa saba, na Bibi Dorkasi akamshonea jezi kwa kitambaa cha bluu cha sare za shule, akaketi naye kando ya redio, akiuliza kila mara, "Leo wametufunga ngapi, baba Joel?"

Tarehe 28 Aprili 2004 walishinda mechi ya kirafiki dhidi ya Liechtenstein, bao moja kwa bila, na pale nyumbani akachinjwa kuku. Septemba mwaka 2006 Ujerumani waliwafunga kumi na tatu, marehemu akamwambia mkewe ni sita ili asiumie, naye Bibi, aliyekwisha kuambiwa kisimani, akasema tu, "Pole, baba Joel, sita ni nyingi."

Bibi Dorkasi alitutoka tarehe 9 Juni 2011. Marehemu akahamia hapa Ipagala kwa mwanawe Joel, na siku za mechi aliweka viti viwili, akakalia kimoja.

Alijaribu kutafuta watu. Alikwenda kibandaumiza Chang'ombe, akavaa jezi yake, akaomba kwa adabu afunguliwe mechi ya San Marino kwenye televisheni ndogo ya pembeni, na mwenye banda, kaka Henry, akauliza kwa sauti ya kusikika barabarani, "Mzee wangu, hiyo ni timu au sabuni ya kuogea?" Banda zima likacheka, naye akacheka nao, na tangu hapo akaitwa Mzee Sabuni, hata juzi kipaza sauti kimepita mtaani kikitangaza msiba wa Mzee Sabuni, kana kwamba Mama Ruthu hakumpa jina. Shikamoo zenu alizipokea zote, lakini kile kiti cha pili hakuna aliyekuja kukikalia, na leo turubai limejaa mpaka viti vimeazimwa kanisani.

Mwaka 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa na kurudi nyumbani mara kadhaa, na mwishoni mwa Agosti mwaka huu hali ikabadilika akalazwa. Jumatatu alimwambia Frida, "Mjukuu wangu, Alhamisi wanacheza na Liechtenstein. Nani atakaa nao?" Frida akamjibu, "Nitakaa, babu." Alfajiri ya Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, akafariki dunia, ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Jana, Alhamisi, Frida aliondoka kwa waombolezaji akaketi nyuma ya nyumba na simu, viti viwili, na Mzee Zablon, mwenyekiti wa kamati, akamkemea, "Binti, babu yako hajazikwa unaangalia mpira?" Ndiyo, mzee wangu, shikamoo, alikuwa anaangalia, alikuwa na ahadi, na San Marino wameshinda bao moja kwa bila, ushindi wao wa kwanza wa mashindano tangu waanze mwaka 1990. Msiseme sasa kwamba mzee aliona mbali, hakuwahi kusema watashinda, alisema tu wasiachwe peke yao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Ipagala kwa maji, kuni na usingizi mliotupa, wafanyakazi wenzake wa mashambani waliotoka Hombolo alfajiri, na tawi kwa rambirambi, ila bendera yenu tunaomba kuirudisha. Baba, tafadhali iondoe juu ya jeneza, uikunje kwa heshima, na shangazi Hilda aitandaze jezi aliyoishona Bibi, ili afike kwake Hombolo akiwa na rangi anayoijua.

Babu, nilikaa. Moja bila. Pumzika kwa amani.