Bangili ya Meirzhan na Kamba ya Inkar

Benchi letu liko mbele ya tanuri la mama, hapa mjini Taraz, nyuma ya kiwanda cha sukari kilichofungwa. Tangu nilipoachishwa shule darasa la tisa, mimi ndiye ninayechoma sambusa na kumimina chai ya maziwa. Namimina nusu bakuli kama inavyopasa, kwa sababu kwetu bakuli likijaa ni kumwambia mgeni ainuke aende zake. Siku hiyo nilimimina mpaka mkono ukaniuma, maana hakuna aliyetaka kuinuka. Mchana ule Inkar, mjukuu wa Bibi Zhumagul, alikuwa akatwe kamba. Mtoto akianza kusimama tunamfunga miguu kwa kamba nyeusi na nyeupe, tunaikata mbele ya watu, naye anatembea. Maandazi yalishapelekwa uwanjani, nyuma ya shule. Kilichokosekana ni baba tu. Baba huyo, Meirzhan, alishtakiwa kuuza dizeli ya trekta za watu, na wakati akisubiri hukumu, mahakama imemfungia nyumbani kwake na bangili ya kielektroniki mguuni. Akivuka geti tu, kengele inalia polisi.

— Dawa ni ile karatasi ya kung'aa ya kufungia nyama, alisema Setilaiti, fundi televisheni mstaafu. Izungushe mguuni mara tatu, huko juu hawaoni kitu!

— Na wakiona bangili imepotea? aliuliza Wakili. Huyu aliwahi kuwa shahidi mahakamani mara moja tu, na tangu hapo hajaacha kututolea hukumu.

— Watadhani mtu kafa.

— Astaghfirullahi! Bibi Zhumagul alimchapa kwa ncha ya mtandio. Mwanangu afe siku ya sherehe ya bintiye?

— Afe kidogo tu, dada yangu. Mpaka maandazi yaishe.

Wakili alisogeza bakuli pembeni. Akisogeza bakuli, ujue sheria inakuja.

— Nisikilizeni. Amri inasema asitoke nyumbani. Je, imesema nyumbani ni wapi? Tusimamishe hema uwanjani, tuweke godoro lake, birika lake, na ndara zake mlangoni. Pale ni nyumbani! Nani atabisha?

— Bangili itabisha, nilisema.

— Wewe mimina chai.

— Hiyo bangili hamuijui nyie, Setilaiti alidakia, macho yamemtoka. Ina sumaku! Kile kijitaa cha kijani mnachokiona ndicho kinachovuta. Juzi nimepita getini kwake, saa yangu ikasimama pale pale.

— Mzee, saa yako imesimama tangu sijazaliwa.

— Ilikuwa inajiandaa!

Wakili akapiga goti lake kofi.

— Nimepata! Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi tumvunje guu! Hospitali lazima wamvue bangili wafunge plasta, na njiani gari la wagonjwa lipitie uwanjani.

— Nikuvunje wewe kwanza tujaribu? Bibi alimuuliza.

Hapo nikashindwa kunyamaza.

— Bibi, kwani hamuwezi kufanyia kwenu?

— Padogo, alisema upesi, bila kunitazama. Nyumbani ni padogo.

Harusi ya Meirzhan ilifanyika kwenye ua wa nyumba hiyo hiyo, na farasi wawili walipata pa kusimama.

Ndipo lilipokuja gari la mkate. Dereva alikuwa kijana mgeni, siku yake ya kwanza mtaani. Alinunua sambusa, akauliza kelele ni za nini, tukamweleza wote kwa pamoja: hema, karatasi, sumaku, guu. Alitafuna akisikiliza mpaka mwisho.

— Sijaelewa, alisema. Mtoto naye kavaa bangili?

— Hapana! tulijibu.

— Sasa?

Setilaiti alitazama mbinguni. Wakili alirudisha bakuli lake mahali pake. Dereva akafuta mafuta mikononi, akaondoka na mikate yake.

Bibi Zhumagul alininyooshea bakuli. Nilimimina nusu, kisha sikuacha. Nilimimina mpaka chai ikafika ukingoni, ikamwagikia vidole vyake.

— Binti, unanifukuza?

— Ndiyo, bibi. Nenda nyumbani.

Alifuta vidole kwa mtandio.

— Watalitazama geti letu, alisema. Watasema hapo ndipo polisi wanapoegesha. Geti la mwizi.

— Hajahukumiwa, dada, Wakili alisema taratibu. Hilo ndilo neno pekee la kweli la sheria nililowahi kumsikia akisema.

Bibi alikunywa chai yote, akasimama.

— Mnakaa tu? Bebeni benchi hili! Wageni watakaa wapi?

Jamani, mbio zilizofuata! Maandazi yalirudi kutoka uwanjani kwenye toroli, watu nyuma yake, mbwa nyuma ya watu. Kitambaa cheupe kilitandikwa barabarani mpaka getini. Meirzhan alitoka amenyoa shavu moja tu, maana hakuna aliyemwambia mapema, akachuchumaa ndani kidogo ya mstari wa geti.

Kwetu mtoto hufuata tabia ya aliyemkata kamba. Nilidhani Bibi atamwita mwalimu mkuu. Akanipa mkasi mimi.

— Kata. Na awe mjeuri wa chai kama wewe.

Nilikata. Watu wakamwita Inkar kwa peremende, kwa mwanasesere, kwa njuga. Alisimama akiyumba, hakumtazama yeyote. Kisha akakiona kijitaa cha kijani mguuni mwa baba yake. Akaenda, akaanguka, akainuka, akaenda tena, mpaka akaishika ile bangili kwa mikono yote miwili. Meirzhan akamfunika kwa mikono yake.

— Nilisema! Setilaiti alipiga kelele, amesimama juu ya benchi. Si nilisema inavuta?

Siku hiyo hakuna aliyembishia.