Mama Ganda na Kreti la Chumba cha Tatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ghala letu la baridi, Mama Ganda anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Wakubwa wameniomba niandike machache ya kuchangamsha. Nitajitahidi.

Alikuja na shahada yake ya kilimo na mabuti makubwa kuliko yeye. Mimi, mnayeniita Mjomba, dereva wa mashine ya makreti ambaye hajapata mpinzani, ndiye niliyemzoeza baridi. Siku zile baridi ilikuwa baridi kweli: ukipiga chafya unasikia vipande vikidondoka sakafuni. Mbishi awaulize wapakiaji wa zamani.

Kazi yake ilikuwa kuagua ganda. Tufaha hulala kwenye baridi miezi liking'aa kama shavu la mtoto, lakini likitolewa kwenye joto, siku chache tu ganda linababuka, linakuwa kahawia kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Basi Mama Ganda alichomoa machache mapema kutoka kila chumba, akayaweka katika chumba chake cha joto, kile cha karibu na choo, akawa anayachungulia kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Yakibabuka, anaagiza chumba yalikotoka kiuzwe kwanza. Aliwahi kukosea pia, na alitangaza mwenyewe kwenye foleni ya chai, kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Mwaka juzi alisema chumba cha tatu kiuzwe upesi, maana matunda yalichumwa machanga baada ya joto kali. Kikauzwa. Watu wakala, wala hakuna aliyelalamika. Hapo ndipo mambo yalipomharibikia. Kikaoni meneja akamuuliza, huo mbabuko wenyewe uko wapi, mama? Akajibu kwamba umeliwa kabla haujazaliwa. Wakubwa walicheka mpaka wakajifuta machozi. Tangu siku hiyo wakamwona mzushi.

Msimu huu ameonya tena, chumba kilekile. Wakasema tusubiri bei ipande. Chumba chake cha joto kimegeuzwa stoo ya viti vya plastiki, hivyo mlivyokalia, na nafasi yake ya kazi haitajazwa.

Zawadi yake leo ni kreti la matufaha lenye utepe mwekundu. Nimelishusha mwenyewe, bila kukwaruza hata tunda moja, kama kawaida yangu. Limetoka chumba cha tatu, ambacho bado kimejaa hadi darini.

Mama Ganda, asante kwa hasara zote ambazo hatukuziona. Kreti liweke sebuleni, usile. Wiki ijayo tutakuja kulitazama, na meneja tutamleta, hata kwa mashine ikibidi. Kuanzia hapo pumzika. Ukae salama kwenye joto, dada yetu, na ganda lako lizidi kung'aa.