Mzee Sekunde Tatu na Wimbo wa Kiatu

Wasikilizaji wapendwa, heri ya mwaka mpya. Leo ni tarehe mosi, na najua mnachongoja. Mnangoja namba moja, wimbo uliopigiwa kura kuliko nyimbo zote, ule unaoufungua mwaka. Saa nne kamili mtausikia. Sasa hivi ni saa nne kasoro dakika kumi na tano, na hizo dakika kumi na tano naziomba kwenu. Kama una chai mkononi, endelea nayo. Ninayetaka kumzungumzia asingekukataza.

Juzi tumemzika fundi wetu. Alikuwa fundi mitambo wa kituo hiki kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote, yeye ndiye aliyeurusha hewani wimbo wa tarehe mosi. Sauti yake hamjawahi kuisikia, ila mkono wake mmeusikia kila mwaka. Hapa kazini tulimwita Mzee Sekunde Tatu. Jina tulimpa kwa utani. Baadaye lilimtesa, na nitawaeleza kwa nini.

Mama yake alikuwa mshonaji, na yeye alijua kufungua cherehani kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Dada yake mkubwa yupo hai, masikio yamechoka lakini ulimi uko palepale. Anasema ndugu yake akishafungua kitu, nyumba nzima inakaa siku tatu bila hicho kitu. "Ila kikirudi," anasema, "kimerudi."

Alifika hapa akiwa na miaka ishirini na miwili. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukaa na mitambo ya kurushia matangazo kule mlimani, na kila asubuhi kupiga simu hapa kutoa taarifa. Aliyepokea simu alikuwa opereta wetu, binti mmoja aliyekaa kwenye chumba kidogo chini ya ngazi. Opereta anauliza, mitambo ikoje? Fundi anajibu, iko sawa. Ikawa hivyo kwa miezi minane. Mwezi wa tisa mitambo ikaanza kuwa na maelezo marefu. Mwezi wa kumi fundi akashuka mlimani kuja kutoa taarifa kwa miguu yake, na wote hapa wakajua mitambo haina ugonjwa wowote. Walioana mwaka uleule, na fundi akahamishiwa studio.

Sasa tuje kwenye namba moja. Zamani hizo kura zilikuja kwa postikadi. Zilimwagwa kwenye meza ya kantini, watu wanahesabu mpaka vidole vinakuwa vyeusi kwa wino. Wimbo ulioshinda uliandikwa kwenye ubao ulio nje ya studio, mwaka kwa mwaka, na ubao huo upo mpaka leo. Fundi hakuwa shabiki wa nyimbo za chati. Alizisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Lakini miaka yake aliihesabu kwa ubao ule. Ukimuuliza binti yake alizaliwa lini, atakwambia, mwaka wa wimbo wa mwavuli. Ukimuuliza lini paa la kantini lilivuja, atakwambia, mwaka wa wale mapacha waliokuwa wanapiga miluzi.

Siku moja ikaja barua ya msikilizaji. Barua ilisema: tunaomba watangazaji wenu wanyamaze, wanaongea juu ya wimbo na kaseti zetu zinaharibika. Wakubwa mnakumbuka. Ukiutaka wimbo, unaweka kaseti kwenye redio, unangoja kidole kikiwa juu ya kitufe, na mtangazaji anakusemea mpaka mwimbaji ameshafika kwenye kiitikio. Watangazaji waliicheka ile barua. Fundi hakucheka. Alibandika karatasi kwenye kioo cha studio: Ukimaliza kusema, nyamaza sekunde tatu.

Sekunde ya kwanza, mkono wa msikilizaji ufike. Ya pili, kidole kibonyeze. Ya tatu, kanda ianze kuzunguka. Mtangazaji akizidisha neno, fundi anamkatia kipaza sauti bila kumwangalia. Walinung'unika, wakazoea. Na ninyi mkapata nyimbo safi, hazina neno la mtu. Tenda wema nenda zako, wahenga walisema. Huu wema ulienda, kisha ukarudi kumtafuta mwenyewe.

Mwaka wa wimbo wa kiatu, mtangazaji wa tarehe mosi aliamka hana sauti. Mafua. Imebaki robo saa, mkuu wa kituo anazunguka korido kama mtu aliyepotelewa na funguo, mara akamwona opereta akitoka chumbani kwake chini ya ngazi. Sauti ya opereta ilijulikana na kila aliyewahi kupiga simu hapa. Akaketishwa mbele ya kipaza sauti, akapewa karatasi.

Wimbo wenyewe, kusema kweli, ulikuwa upuuzi. Mwanamume amepoteza kiatu kimoja kwenye dansi, anarudi mara tatu kukitafuta, hakipati. Basi, wimbo umeisha. Fundi aliuchukia kutoka moyoni. Lakini kura ni kura.

Opereta akasoma karatasi yote vizuri. Alipomaliza, akaongeza lake: "Mwaka umeanza, na mwenzenu ana kiatu kimoja. Msaidieni kutafuta." Kisha akanyamaza sekunde tatu. Alizihesabu kwa vidole, moja, mbili, tatu, akimwangalia mumewe kupitia kioo. Mumewe akaurusha wimbo. Wimbo ulipoisha opereta akarudi, akawaaga wasikilizaji, akaenda kupokea simu.

Ile ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwake kusema hewani. Jioni alimwambia mumewe, ile kanda iliyonirekodi niwekee. Fundi akamjibu, ya nini, mwakani utasoma tena.

Wasikilizaji wapendwa, kanda zilikuwa chache. Huo ndio ukweli wa redio za zamani, na siyo hapa kwetu tu. Kila baada ya miezi mitatu, zilizokwisha kazi zilipitishwa kwenye mashine yenye sumaku, zikafutwa, zikatumika tena. Mwezi wa tatu mkuu akataka kanda tupu. Fundi akachukua maboksi rafu nzima, kama alivyofanya kila mara, akafuta moja baada ya nyingine. Kanda ya tarehe mosi ilikuwemo. Juu yake kikarekodiwa kipindi cha namna ya kutunza meno.

Mwezi wa tisa opereta aliugua. Mwezi wa kumi na moja alifariki. Binti yao alikuwa na miaka minne.

Mwanzoni fundi hakuiwaza kanda. Alikuwa na mtoto wa kuogesha, nywele za kusuka asizojua kuzisuka. Ilipita miaka miwili. Siku moja akaingia maktaba ya kanda, akalitoa lile boksi. Juu yake limeandikwa neno moja, Imefutwa, na tarehe, na sahihi. Sahihi ilikuwa yake.

Alisema mwenyewe, msiba wa kujitakia hauna kilio. Nami nikamwambia, fundi, huu hukuutaka, ulikuwa kazini. Akanitazama, akaendelea kukaza skrubu.

Shida yake ilikuwa moja, na aliisema wazi kwa binti yake alipokuwa amekua. "Uso ninao, picha zipo. Sauti inaniponyoka. Nikiisikia nitaijua palepale, lakini kuikumbuka mwenyewe siwezi tena."

Basi akaanza kutafuta. Mtakumbuka tangazo letu la kila Januari: mwenye kaseti aliyoirekodi redioni mwaka wa wimbo wa kiatu, atuletee, itarudishwa. Tulilisoma miaka mingi. Wengine mlidhani tunaupenda sana ule wimbo. Zikaja kaseti, kwa posta na kwa mkono, nyingine zimefungwa kwa mpira, nyingine zimelowa chai. Zilifika arobaini na tatu. Fundi alizisikiliza zote, mchana, baada ya zamu, kwenye studio ndogo.

Kila moja ilikuwa vilevile. Kimya kidogo, kisha kiatu. Wimbo mtupu, safi, hauna neno la mtu.

Mnaelewa kilichotokea. Aliwapa sekunde tatu, mkazitumia. Mlingoja mkewe amalize kusema, ndipo mkabonyeza. Wimbo ulipoisha mkawahi kukata kabla hajarudi. Yule bwana aliwafundisha watu wote kumkata mke wake, na wote wakafuzu. Na ule wimbo alioukimbia maisha yake yote, akausikiliza mara arobaini na tatu mpaka mwisho, maana huwezi kujua.

Binti yake anasema, "Baba alikuwa anarudi na kaseti mfukoni. Namuuliza, vipi baba? Anasema, kiatu. Basi, tunakula."

Na mimi niseme langu, maana kunyamaza leo ni uongo. Mwaka ule nilikuwa darasa la sita. Redio kaseti ilikuwa ya mjomba. Niliurekodi ule wimbo. Niliisikia ile sauti kwa masikio yangu, nikiwa na kidole kwenye kitufe, nikiomba yule mama amalize kuongea. Nilipoajiriwa hapa nilimpelekea fundi kaseti yangu, ya kumi na saba katika zile arobaini na tatu. Akanishukuru, akanirudishia. Tangu siku hiyo nimejaribu kuikumbuka ile sauti ili nimweleze hata ilivyokuwa, nzito au nyembamba. Sina kitu.

Miaka miwili iliyopita ikaja kaseti ya mwisho, ya nesi mmoja mstaafu. Yule mama alichelewa kukata. Wimbo unaisha, kinapita kimya, kisha inasikika pumzi. Mtu anavuta pumzi, kama anataka kusema. Halafu klak. Ni hiyo pumzi tu.

Fundi alikwenda nayo nyumbani bila hata kufunga studio. Akamkalisha binti yake mezani, akaweka kaseti, akamsikilizisha. Akamuuliza, ni yeye?

"Nilikuwa na miaka minne mama alipofariki," binti anasema. "Pumzi ni pumzi. Lakini baba alikuwa ananiangalia. Nikasema ndiyo baba, ni yeye. Akaniuliza, wewe unajuaje? Hakusema kwa hasira. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Hakuniuliza tena."

Alikuwa amesema akiisikia ataijua palepale. Aliisikia. Hakujua.

Mwezi uliopita alilazwa. Moyo ulikuwa umechoka, madaktari walisema hivyo bila kuzunguka, na hapakuwa na la kufanya. Aliwekewa mpira mdomoni wa kumsaidia kupumua, macho ameyafumba. Tulikwenda kumwona kwa zamu, tukasimama pale kama nguzo. Mtu aliyetengeneza kila kilichoharibika katika jengo hili, na sisi hatukuweza kumkazia hata skrubu moja.

Binti alikaa naye. Akaanza kumsomea ubao wetu, namba moja za tarehe mosi, mwaka kwa mwaka. Anazijua kwa kichwa kama watoto wengine wanavyojua jedwali la kuzidisha. Mwavuli. Mapacha wa miluzi. Alipofika kiatu, akasema na maneno yale ambayo baba yake alimfundisha tangu mdogo. Mwaka umeanza, na mwenzenu ana kiatu kimoja. Msaidieni kutafuta.

Fundi akafumbua macho.

"Aliniangalia kwa muda mrefu," binti anasema. "Alitaka kusema kitu, nikaona kabisa anataka. Ule mpira ulikuwa mdomoni. Nikamwambia baba, finya mkono. Lakini afinye mkono kwa swali gani? Sikumuuliza swali. Nilikuwa nimeogopa miaka yote kumuuliza kama sauti yangu inafanana na ya mama, nikihofia atasema hapana. Na pale nikashindwa."

Alifariki kesho yake, mchana, tarehe ishirini na nane. Wazee waliokuwa studio siku ile ya kiatu wameshatangulia. Msibani watu wamesema mengi. Huyu anasema binti ni mama mtupu akiongea, yule anasema hata kidogo. Binti amewashukuru wote. Angemwamini mtu mmoja tu, na huyo tumemzika juzi.

Kwa binti, kwa shangazi yake, kwa mafundi wenzake aliowafundisha na kuwagombeza, kituo hiki kinawapa pole. Mungu amlaze mahali pema. Maji yakimwagika hayazoleki, tunajua, na hatuna maneno ya kuyazoa.

Ila nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mkirudi kwenye simu zenu, angalieni mlichohifadhi. Nyimbo zimo, najua. Je, mama yumo? Babu yumo, akikohoa, akigomba kwamba mlango haujafungwa? Siku ya kuwahitaji hawatapatikana kwa tangazo. Sisi tumelisoma miaka mingi.

Sasa imebaki dakika moja. Namba moja ya mwaka huu iko tayari, na leo hatasoma mtangazaji. Nimemwomba binti wa fundi asome, amekubali, ameketi mbele yangu kwenye kiti alichoketi mama yake. Karatasi ya baba yake ingali kwenye kioo, na akimaliza kusema atanyamaza sekunde tatu, kama sheria ilivyo. Lakini wewe mwenye kidole kwenye kitufe, leo usimngoje amalize. Bonyeza sasa, kabla hajaanza.