Kamba za Ubavuni

Mama yetu mpendwa alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe, katika chumba cha nyuma ya kibanda cha baba yake. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yake, mwanamke mkali aliyefumua mshono mbovu mbele ya mteja bila kupepesa macho.

Tarehe 2 Juni 1972 aliajiriwa hospitalini kushona magauni ya wagonjwa. Siku hizo alipenda sana sifa, na mwenyewe hakuficha. Ili msimamizi amwone, alidarizi ua jekundu shingoni mwa kila gauni, na kweli akasifiwa mbele ya wenzake. Wiki haikuisha, mzee mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa shingo akamwita wodini.

"Binti, ua lako zuri, ila linanikwaruza kidonda. Na hizi kamba za mgongoni sizifikii. Nikienda chooni, huku nyuma kote ni maonyesho."

Mama aliona aibu, akalia ngazini. Alasiri hiyo alifumua maua yote arobaini.

Tangu hapo alipanda wodini kila Ijumaa kuwauliza wagonjwa nguo zinawasumbua wapi. Akahamisha kamba kutoka mgongoni hadi ubavuni, ili mtu ajifungie mwenyewe.

Baba alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Alimletea Mama suruali iliyochanika akidai ni ya rafiki yake. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1977.

Cheti cha mfanyakazi bora kilimpita Mama mwaka hadi mwaka, na aliyeumia zaidi ni Baba. "Hawakuoni hawa!" alifoka. Mama akamjibu, "Wacha wee. Kamba zinafungika, hazifungiki?"

Mwaka 1985 metroni aligundua kwamba wagonjwa wanagombania magauni ya cherehani moja tu. Akashuka mwenyewe kumtafuta mshonaji. Mama alikabidhiwa chumba kizima cha ushonaji, na mtindo wake ukatumika wodi zote. Alistaafu mwaka 2006.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Tarehe 3 Mei 2021 alilazwa katika hospitali ile ile, na muuguzi kijana akamletea gauni.

"Bibi, usihangaike. Kamba ziko ubavuni."

"Ahsante, mwanangu. Nani kafikiria jambo zuri hivi?"

"Mh, sijui, Bibi. Nimezikuta hivyo hivyo."

Mama akatukonyeza sisi wanawe. Hatukuwahi kumwona na furaha ile, hata siku aliyopewa chumba.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Mei, saa nne asubuhi, akiwa ameshaoga na kuvaa.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, dada yake mmoja, na mafundi wengi aliowafundisha kazi.

Pumzika salama, Mama. Asubuhi ile kamba ulijifungia mwenyewe.