Maji Tuliyomwaga Kwenye Njia ya Ndege

Jumamosi, tarehe 14 Machi. Asubuhi jua lilikuwa kali, anga safi, hakuna tone la mvua.

Mgeni rasmi, sisi wafanyakazi wa kiwanja hiki kidogo cha ndege tunakukaribisha. Tunamshukuru Mungu umefika mzima, ingawa hukufikia tulipokuandalia. Zulia lilitandikwa mlangoni. Wewe umeshukia kwenye maharage ya mke wa mlinzi. Karibu huko pia.

HISTORIA FUPI
Njia yetu ya ndege ni ya udongo. Kila mwaka tunaahidiwa lami, na kila mwaka tunaahidiwa vizuri zaidi.

MAFANIKIO
Jana ofisi yako ilipiga simu kwamba utavaa suti nyeupe, hivyo vumbi lisiruke. Dereva wa boza la maji, ambaye wote tunamwita Mjomba, aliamka alfajiri, akasali, akamwaga maji njia nzima. Sisi tulimfuata nyuma tukimtania: ongeza, Mjomba, mheshimiwa asije akapiga chafya. Meneja mwenyewe alishika mpira wa maji akalowesha kingo, kisha akaagiza boza lirudie. Mheshimiwa, vumbi halikuruka hata chembe.

CHANGAMOTO
Kilichoruka ni tope. Magurudumu yaligusa chini, rubani akakanyaga breki, ndege ikateleza kama sabuni sakafuni, ikaacha njia na kuingia shambani. Hakuna aliyeumia. Mungu ni mwema, na maharage yalijitolea.

Kabla hujamaliza kufuta viatu, meneja alishampata mkosaji. Alimwamuru Mjomba avue ovaroli, arudishe funguo, aende zake nyumbani. Mjomba aliivua taratibu, akaikunja, akamkabidhi.

"Sawa, bosi," alisema. "Lakini mpira ulikuwa mkononi mwako."

Ndiye yule wa safu ya nyuma, mwenye fulana. Ana mke na mama mgonjwa, na wote wawili wana mazoea ya kula kila siku.

MAOMBI
Lami hatuiombi leo; ahadi tulizonazo bado hatujazimaliza. Tunaomba Mjomba arudishiwe kazi yake kabla hujaondoka. Kama kumwaga maji ni kosa, sote tulimwaga, na simu ilitoka kwako. Tena ndege yako bado imezama, na hapa hakuna gari la kuivuta ila boza. Funguo anazo meneja. Lakini boza lenyewe ni kuukuu, na gia zake humsikiliza Mjomba peke yake.

Mungu akubariki, akupe afya, na akulainishie moyo kabla jua halijazama.

Nasi tunaahidi kwa sauti, mbele ya hadhara hii yote: Mjomba akikaa kwenye usukani, tutashika kamba sote na kuvuta mpaka ndege itoke. Asipokaa, tutakusindikiza kwa heshima zote hadi barabara kuu, kwa miguu.

Ni sisi, wafanyakazi wa kiwanja: wafagiaji, wakata nyasi, walinzi, na zimamoto wetu mmoja.