Vivian Nasike Wanyonyi: Alilala Kwao, Wakakataa Kulala Kwake

Marehemu Vivian Nasike alizaliwa tarehe 14 Agosti 1999 mtaani Tuwan, Kitale, akiwa kifungua mimba wa Mzee Wanyonyi wa hapa Sirisia na Mama Sellah. Mimi ninayesoma ni Wabwile, mjomba wake.

Alisoma shule ya msingi Tuwan na sekondari Bungoma, akamaliza 2017. Mwaka uliofuata shirika moja la kubadilishana vijana lilimpeleka Denmaki, akae mwaka mzima na familia ya wafugaji. Hazikupita wiki mbili akanipigia simu: "Mjomba, nimeacha kuwa mgeni. Leo nimetumwa kuosha zizi!" Alirudi Julai 2019 akiwa ametangazwa mshiriki bora kati ya vijana wa nchi kumi na moja.

Shirika likamwajiri awapokee vijana wanaokuja upande wetu. Hapo ndipo hasira ilipoanzia. Nimeuza na kununua sokoni Kitale tangu ujana wangu, na najua kubadilishana kuna pande mbili. Hawa walitaka upande mmoja. Vijana wetu walilala kwao. Wao wakija wanalazwa hotelini, wanaletwa Tuwan mchana, wanapigwa picha na watoto, wanaondoka chakula hakijaiva. Nasike alitafuta nyumba za kuwapokea, akina mama wakapaka kuta chokaa. Afisa wa shirika akamwambia, "Vivian, elewa. Mambo ya usalama." Akamjibu, "Mimi nililala kwao mwaka mzima. Nani aliniuliza kama niko salama?"

Mwaka 2023 Mama Sellah aliwachinjia wageni kuku. Basi lao likaondoka kuku akiwa bado jikoni. Nasike akapanda bodaboda, sufuria mapajani, hadi hotelini. Soja wa geti akamzuia: "Madam, chakula cha nje hakiruhusiwi."

"Si cha nje bana, ni cha kwa mama. Na wewe utapata paja."

Wageni walikula wakajilamba vidole. Kesho yake Nasike akapewa onyo na ofisi ya shirika.

Hakuwahi kuolewa. Kipkemei wa Kitale alikuwa ameshaleta wazee wake, na tulikuwa bado tunavutana kwa heshima juu ya mahari, Nasike alipougua figo Machi 2024. Kipkemei hakukimbia. Ndiye aliyekuwa akimpeleka Bungoma kusafishwa damu. Hata akiwa kwenye mashine, Nasike aliwapigia ofisini: "Wageni wa mwaka huu watalala wapi?" Alituacha Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, hajajibiwa.

Sasa ofisi imetuletea maua, vijana sita wa Denmaki, na rambirambi inayomwita "binti yetu". Imeomba nafasi ya kuhutubia, halafu basi liondoke saa kumi kurudi hotelini. Ati binti yetu! Kwetu mwenye binti hulala matangani. Familia imekaa ikaamua: leo ofisi haisemi neno. Mama Sellah ameshatandika vitanda. Anayetaka kumsifu Nasike atamsifu kesho asubuhi, baada ya chai, akiwa ameamkia hapa.

Marehemu ameacha wazazi wake, mdogo wake Pauline, mchumba wake Kipkemei, na wenyeji wake wa Denmaki, ambao wamelia nasi kwa simu bila kuomba kuhutubia.

Mungu ampe Nasike pumziko. Sisi bado.