Gololi Iliyobaki Kwenye Sinia

Wazee wetu, majirani, mafundi na nyote mliokuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, wa mwisho kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Gia, hata ninyi ambao hamjawahi kumiliki baiskeli.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya watano, baba akiwa fundi cherehani na mama muuza maziwa, akaanza shule Januari 1959 na kumaliza darasa la nane mwaka 1966, wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika kushona, jambo lililomuuma baba kuliko alivyokiri. Tangu utotoni alikuwa mtu wa wasiwasi, akifunga mlango alirudi kuusukuma mara mbili, na mama alikuwa akisema, "Huyu hata peponi ataomba ruhusa arudi kuangalia kama jiko limezimwa."

Mwaka 1969 mjomba wetu, aliyekuwa na gereji nyuma ya soko, alimchukua aoshe vipuri, na haikupita miaka mitatu kabla dada hajaanza kufungua giaboksi mwenyewe, kwa sababu, kama alivyosema mjomba, wenzake walilisikiliza gari kwa masikio, yeye alilisikiliza kwa hofu. Hapo ndipo alipokutana na dereva wa lori la shule ya bweni, ambaye leo ni shemeji yetu tuliyeketi naye hapa mbele, aliyeleta klachi iliyoungua, ikatengenezwa, naye akarudi wiki iliyofuata akidai bado inanuka, ilhali hainuki, na tarehe 8 Agosti 1974 wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1976, 1979 na 1983.

Ndugu zangu, ninalolisoma sasa mnalijua kwa namna moja, lakini marehemu aliniagiza nilisome kwa namna nyingine, na baadhi yenu mlikuwa ndani ya lori lile.

Lori la shule lilikuwa la mwaka 1954, zee lakini halijakata tamaa, na katikati ya mwaka 1987 lilianza tabia mbaya, likishuka mlima kwa gia ya tatu, gia ilichomoka yenyewe, lori likabaki halishikwi na kitu isipokuwa breki. Dada hakukimbilia kulifungua, kwanza alipanda na mumewe, akaweka kiganja juu ya mkono wa gia ili ausikie unavyosukuma, kisha akakagua bolti zinazoshikilia giaboksi, akaangalia kama mkono wa gia unagusa tundu la sakafu, akamwaga oili akiipitisha kwenye kitambaa kutafuta vipande vya chuma, na kila alipokosa kuona hitilafu, wasiwasi ulizidi. Ndipo alipofungua mfuniko wa juu. Humo mna fito tatu za kubadilishia gia, na kila ufito hushikwa mahali pake na gololi moja ya chuma inayokandamizwa na springi, sasa springi zilikuwa zimelegea na gololi zimelika upande, akaagiza mpya, tatu kwa tatu.

Ijumaa tarehe 10 Julai 1987, wakati anazirudisha, akaitwa uani, kitinda mimba wake ameanguka na kuchanika kidevu, akamshika, akamfunga, akarudi, akafunga mfuniko. Shemeji akalijaribu lori kwenye barabara tambarare, gia ikakaa vizuri, akapakia wanafunzi thelathini na wanane waliokuwa wakienda mashindanoni ng'ambo ya mlima, wakaondoka wakiimba.

Dada akaanza kupangusa sinia la vipuri, na chini ya tambara akaona gololi. Aliigeuza, akaigeuza tena, akiomba iwe ya zamani, lakini ile ilikuwa duara safi, haijalika popote.

Gerejini alikuwepo muuza mikate na pikipiki yake, dada akaruka nyuma yake.

"Twende!"

"Wapi, mama? Nina mikate humu!"

"Mlimani! Tulipite lori kabla halijaanza kushuka!"

Muuza mikate alinisimulia kwamba njia nzima dada alikuwa amemshika bega kiasi kwamba alama za vidole zilikaa siku tatu, na mikate ilidondoka mmoja mmoja bila yeyote kugeuka. Kwenye kilele walilikuta lori linapumzisha injini, shemeji tayari ameshika usukani, dada akasimama mbele ya bampa na mikono juu.

"Mke wangu, nyumbani kuna nini?"

Dada akafungua kiganja. Shemeji akaitazama ile gololi, akautazama mteremko, akazima injini, akashuka kuweka mawe kwenye matairi, kisha akawaambia wanafunzi, "Shukeni mnyooshe miguu." Dada akafungua mfuniko palepale, tundu la ufito wa gia ya tatu lilikuwa na springi peke yake, akairudisha gololi mahali pake, akafunga.

Wanafunzi wakasema Mama Gia ameoteshwa, habari ikaenea, na kwa miaka thelathini na sita mlimsifu kuwa ana machale, naye kila aliposifiwa aliinuka akatoka nje. Hakuwa na machale. Alisahau, akaogopa, akakimbia, na aliniambia, "Wakinizika na sifa ile, mdogo wangu, nitakuwa nimewadanganya mara ya mwisho." Nilimuuliza shemeji jana kama nisome, akasema, "Soma. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze, nisije nikapoteza kazi ya shule, naye alinyamaza kwa ajili yangu."

Dada aliacha kazi mwaka 2015 macho yalipopungua nguvu. Agosti 2023 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akagundulika ana maradhi ya moyo, akatibiwa na kulazwa mara mbili, na Jumanne tarehe 5 Machi 2024, saa nne asubuhi, akaaga dunia, zikiwa zimebaki siku tisa atimize miaka sabini na mitatu, akiacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao aliwauliza kila kidonge ni cha nini nao hawakuchoka kumjibu, tunawashukuru majirani mliopokezana kumlinda, mafundi mliofunga gereji zenu leo, na muuza mikate, ambaye hajawahi kutudai mkate hata mmoja.

Dada, tumelisema, na hakuna aliyeinuka kuondoka. Usirudi kuusukuma mlango, tumeufunga sisi. Pumzika sasa, kwa amani.